Dhamana ya Saa katika Kompyuta Zetu

Muuza nyama hapimi kwa mizani aipendayo. Tangu siku aliponunua mizani yake mpaka siku atakapoitupa, chombo hicho kiko chini ya jicho la wakaguzi wa vipimo, ambao huja wakakilinganisha na mawe yao ya haki, wakakitia muhuri kikiwa sahihi au wakakizuia kikiwa kinapunja. Na pampu ya mafuta, na mita ya maji, na kipimo cha nafaka, vyote vina hukumu hiyo hiyo, kwa kuwa watu wa insafu walitambua tangu kale kwamba biashara isiyokuwa na kipimo cha haki ni dhuluma. Kiko, hata hivyo, kipimo kimoja ambacho katika zama zetu huingia katika kila muamala, mkubwa na mdogo, nacho hapana mkaguzi aendaye kukitazama. Kipimo hicho ni wakati. Risiti inayotoka katika mashine ya EFD ina saa. Ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu una saa. Kumbukumbu za hospitali zinazoonyesha mgonjwa alipewa dawa gani na lini zina saa. Hati iliyopokewa mahakamani kwa njia ya kielektroniki ina saa. Na saa hizo zote huandikwa na kompyuta ambazo, aghalabu, hapana mtu katika ofisi nzima awezaye kueleza zimezipata wapi.

Rai ninayoitoa hapa ni kwamba taasisi zetu zilizobeba dhamana ya kumbukumbu za watu, yaani mabenki, hospitali kubwa, vyuo vikuu, mahakama, na mashirika ya maji na umeme, ziuchukue wakati wao moja kwa moja kutoka angani, kwa kipokezi cha setilaiti kilichofungwa juu ya paa lao na kuunganishwa na kompyuta yao, badala ya kuuomba kila siku kutoka kwa mashine za watu wa mbali wasiowajua. Kazi yenyewe yaweza kufanywa na kijana yeyote aliyehitimu ufundi wa kompyuta katika chuo cha kati, na vifaa vyake vyote, kwa ofisi ya wastani, havifiki bei ya simu moja nzuri ya mkononi. Kinachokosekana ni nia, na nia haiji kabla ya kuelewa. Kwa hiyo namwomba msomaji anivumilie nilieleze jambo hili kwa wasaa.

Ndani ya kila kompyuta mna saa, na moyo wa saa hiyo ni kipande kidogo cha fuwele kilichokatwa ili kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde, hesabu iliyochaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano utabakiwa na moja kamili. Fuwele hiyo ni ya bei nafuu, na unafuu wake una ila. Ikipotoka kwa sehemu ishirini tu katika kila milioni, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa fuwele za namna hiyo, saa itakosea kwa sekunde 1.7 kila siku, na mwezi ukiisha itakuwa imepishana na haki kwa karibu dakika nzima. Fauka ya hayo, fuwele hubadili mwendo wake kwa joto na kwa baridi, na vyumba vyetu vya mashine hupata vyote viwili, hasa umeme unapokatika na kiyoyozi kikazimika. Tena iko betri ndogo ya duara inayoilinda saa hiyo kompyuta inapokuwa imezimwa. Betri ikifa, na umeme ukakatika usiku, asubuhi kompyuta huamka ikiamini kwamba iko katika mwaka uliokwisha kupita zamani, na ikijaribu kufungua tovuti ya benki hukataa kuiamini, kwa kuwa hati za usalama za tovuti zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwa hesabu ya kompyuta ile tarehe ya kuanza haijawadia. Wenye ofisi husema mtandao umeharibika, wakamwita fundi wa mtandao, ilhali mtandao ni mzima na saa ndiyo iliyopotea.

Madhara ya saa iliyopotea hayaishii katika usumbufu wa asubuhi moja. Tuseme mtu ameipigia benki yake simu saa nne na dakika mbili, akataka kadi yake iliyoibwa ifungwe, na mwizi akatoa fedha katika mashine ya ATM saa nne na dakika tatu kwa saa ya mashine ile. Ikiwa saa iliyoandika ile simu na saa ya ATM zinapishana kwa dakika mbili, hapana hakimu awezaye kujua kwa yakini nani abebe hasara, maana kila andiko ni sahihi kwa saa yake, na hapana saa ya tatu ya kuamua baina yao. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, nayo inayakubali maandishi ya kompyuta kuwa ushahidi, na inataka uzito wa ushahidi huo upimwe kwa kutazama jinsi maandishi yalivyotengenezwa, yalivyohifadhiwa na yalivyopelekwa. Sioni jinsi taasisi iwezavyo kuithibitishia mahakama uaminifu wa maandishi yake, ikiwa haijui saa iliyoyapa tarehe ilitoka wapi na mara ya mwisho ililinganishwa na nini.

Desturi iliyoenea ni kuisahihisha saa ya kompyuta kwa njia ya mtandao, kwa kanuni iitwayo NTP, iliyobuniwa na David Mills, ambaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani, na ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1985. Mills alizaliwa na maradhi ya macho, akaishi na uoni hafifu, na katika uzee wake akawa kipofu. Alifariki Januari 2024, na mamilioni ya mashine duniani zingali zikiishi kwa kanuni zake, heshima ambayo wanazuoni wachache huipata. Hesabu yake ni ya busara. Kompyuta huuliza: sasa ni saa ngapi? Seva hujibu, na kwa kuwa swali na jibu vimechukua muda njiani, kompyuta huupima muda wote wa safari, ikaugawa nusu kwa nusu, ikajua jibu lilikuwa na umri gani lilipofika. Lakini hesabu hiyo ina sharti, kwamba njia ya kwenda na njia ya kurudi ziwe sawa. Swali likichukua sehemu 50 za elfu za sekunde kwenda, na jibu likachukua 250 kurudi, kompyuta itakisia kwamba kila upande ulichukua 150, na saa yake itakosea kwa sehemu 100 za elfu, na wala haitakuwa na njia ya kulitambua kosa lake.

Nasi watu wa Afrika Mashariki tunazijua njia zetu zilivyo. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika katika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, na neema ya nyaya hizo hapana anayeikana. Ila tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani zao wakabaki kwa siku kadhaa na intaneti ya kubahatisha, ambayo ujumbe wake ulikuwa ukizungushwa kwa njia za mbali, huku ukienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Katika siku kama hizo, kompyuta inayoomba saa kutoka ng'ambo huikosa kabisa, au huipata kwa kasoro niliyoieleza. Ikumbukwe kwamba siku ya namna hiyo ndiyo mafundi wanayohitaji kumbukumbu sahihi kuliko siku zote, ili wajue kipi kilikatika kwanza na kipi kilifuata.

Ustaarabu ambao mwambao wetu umerithi kwake sehemu kubwa ya elimu uliitambua mapema dhamana ya wakati. Misikiti mikubwa ya Misri na Shamu katika karne za kati ilikuwa na mtu aitwaye muwaqqit, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za jua na nyota na kuthibitisha nyakati za sala. Na mmoja wao, Ibn al-Shatir, mwanafalaki wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, aliuwekea mnara wa msikiti huo mwaka 1371 saa ya kivuli iliyochorwa juu ya jiwe kwa ustadi ambao wataalamu wa falaki wangali wakiutaja kwa sifa. Ninalotaka msomaji alishike katika habari hii ni kwamba wakati ulikuwa na mwenyewe. Palikuwa na mtu mwenye jina na cheo, aliyejua hesabu, na aliyeweza kuulizwa. Katika ofisi zetu za leo yuko mwenye funguo za stoo, yuko mwenye daftari la magari, yuko mwenye kuandika wageni mlangoni, na hayuko mwenye saa.

Sasa tutazame angani. Setilaiti za GPS za Marekani huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hukamilisha mizunguko miwili katika muda unaopungua siku nzima kwa dakika chache tu. Watu wengi hudhani kazi yao ni kuonyesha njia, na hilo ni kweli, lakini asili ya kazi yao ni kutangaza saa. Mahali hupatikana baadaye, kwa kulinganisha saa za setilaiti nne au zaidi. Kila setilaiti imebeba saa za atomu, ambazo hutegemea mtetemo wa chembe za sizi au rubidi, na mtetemo wa sizi ndio uliofanywa mwaka 1967 kuwa maana ya sekunde kwa dunia nzima: mitetemo 9,192,631,770, isiyozidi wala kupungua. Saa hizo zimehesabiwa hata zile taathira alizozieleza Einstein, kwa sababu saa iliyo juu, ambako mvuto wa dunia ni dhaifu, hutangulia saa ya chini, na mwendo wake wa kasi huirudisha nyuma kidogo, na hesabu ikifungwa hutangulia kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku. Ni kitu kidogo mno kwa fahamu zetu. Nuru, katika muda huo, husafiri zaidi ya kilomita 11.

Na hazina yote hiyo hutushukia bure, usiku na mchana, Mombasa na Mwanza, Bujumbura na Kampala. Tena sisi tulio karibu na Ikweta tumependelewa. Njia za setilaiti za GPS zimeinama kwa nyuzi 55 kutoka Ikweta, na kwa sababu hiyo mtu wa Ulaya ya kaskazini ana upande mmoja wa mbingu ambao setilaiti hazipiti, ilhali sisi hutupitia pande zote. Wala pwani yetu si ngeni katika mambo ya anga: Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia walirusha setilaiti San Marco 2 kutoka katika jukwaa lililosimamishwa baharini mwaka 1967, na mahali hapo hapo ilirushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru kwa ajili ya kuadhimisha siku ya uhuru wa Kenya.

Anayetaka kuifanya kazi hii ajue kwanza cha kununua. Vipokezi vingi vinavyouzwa madukani ni vya kuonyesha njia, huchomekwa katika mlango wa USB, na havifai kwa muradi wetu. Kipokezi cha saa hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni maneno, yaani safu ya herufi inayosema tarehe na saa. Maneno hayo hufika yakiwa yamechelewa, pengine kwa mamia ya sehemu za elfu za sekunde, na kuchelewa kwenyewe hubadilika kila mara. Cha pili ni mpigo, yaani umeme unaopanda ghafla katika waya mmoja mwanzoni mwa kila sekunde, hausemi ni sekunde gani, ila huipiga kwa usahihi wa makumi ya sehemu za bilioni. Msomaji wa mwambao ataelewa upesi akikumbuka mzinga wa kufuturu: kalenda iliyobandikwa ukutani humjulisha mtu siku na saa ya magharibi, lakini mzinga ukilia ndipo ajuapo kwamba wakati ni huu. Kompyuta huhitaji vyote viwili, ichukue jina la sekunde katika maneno na mwanzo wake katika mpigo. Na kipokezi kisichotoa mpigo, hata kiwe na sifa nyingine zote, kiachwe dukani.

Mpigo huo usipitishwe katika USB, kwa sababu mlango huo haupokei habari papo hapo. Hungoja zamu, na zamu hizo, katika vifaa vya kawaida, huja mara moja katika kila sehemu ya elfu ya sekunde, na usahihi wote hupotea mlangoni. Katika kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo zimejaa katika vyuo vyetu tangu zilipotoka mwaka 2012, waya wa mpigo huunganishwa moja kwa moja na pini, na desturi ya mafundi ni pini ya GPIO 18. Katika kompyuta za zamani zenye mlango wa serieli, waya huo huingia katika pini ya DCD. Kiini cha mfumo wa Linux hufundishwa kuitazama pini hiyo na kuandika saa ya kompyuta kila mpigo unapofika, kisha programu ya gpsd husoma maneno, na programu ya chrony hukusanya yote mawili, ikapima fuwele ya kompyuta inapotoka kwa kiasi gani, ikaisahihisha polepole bila ya kuirusha mbele au nyuma. Baada ya saa chache kompyuta hiyo itakuwa na wakati usiopishana na wakati wa dunia ila kwa sehemu chache za milioni za sekunde, na katika istilahi za NTP itakuwa imepanda tabaka la kwanza, tabaka la mashine zilizounganishwa na chanzo chenyewe. Yaliyobaki ni kuziamuru kompyuta nyingine za taasisi ziiulize hiyo.

Kazi ya kweli iko juu ya paa. Sauti ya setilaiti inapotufikia imekwisha kuwa dhaifu kupita kiasi, na bati moja tu hutosha kuizuia. Antena iliyowekwa chini ya mabati, au ndani karibu na dirisha, itapata setilaiti mbili au tatu kwa kubahatisha na kumhadaa fundi kwamba amefaulu. Iwekwe mahali inapoiona mbingu yote, mbali na ukuta mrefu wa jirani ambao huirudisha sauti kama mwangwi, na mbali na mwembe, kwa kuwa majani yaliyolowa mvua huinywa sauti hiyo. Katika miji ya pwani, hewa ya chumvi hula viungio vya waya, na kiungio kisichofungwa kwa utepe wa mpira hakitamaliza masika mawili. Na katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi, ni faradhi kuweka kinga ya radi mahali waya unapoingia ndani ya nyumba, na kinga yenyewe iunganishwe na ardhi ipasavyo, maana waya wa antena usiokuwa na kinga ni njia iliyonyooka ya kuileta radi mpaka katika mashine ya thamani. Waya huo huchelewesha sauti kwa sehemu tano hivi za bilioni ya sekunde kwa kila mita. Kwa kompyuta si kitu, lakini fundi mwenye adabu ya kazi atauandika urefu wake. Baada ya jua kutua, tabaka la juu la hewa katika nchi za Ikweta huchafuka, hasa katika miezi ya Machi na Septemba, na baadhi ya setilaiti huyumba au hupotea kwa dakika kadhaa. Kipokezi kilichokwisha kupimiwa mahali pake na kuambiwa kwamba hakihami chaweza kuendelea na saa kwa setilaiti moja tu, na ndiyo sababu vile vilivyotengenezwa mahsusi kwa saa vinastahili bei yao.

Iko hadhari moja inayowapita wengi. Wakati wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980, nao hauongezwi zile sekunde ambazo wakati wa dunia, UTC, umekuwa ukiongezwa mara kwa mara ili ulingane na mzunguko wa dunia. Mara ya mwisho sekunde iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2016, na tangu hapo GPS imeitangulia UTC kwa sekunde 18. Setilaiti huitangaza tofauti hiyo, lakini huitangaza pamoja na habari nyingine katika mzunguko wa dakika kumi na mbili na nusu, na kipokezi kipya, kwa muda huo wa kwanza, chaweza kutoa saa iliyokosea kwa sekunde nzima nzima huku kikionyesha kila dalili ya afya. Kingojewe. Na vipokezi vikuukuu, vinavyouzwa rahisi, vina kasoro kubwa zaidi: GPS ya asili huhesabu majuma mpaka 1,024 kisha huanza tena na sifuri, kama ilivyotokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na kifaa ambacho programu yake haikurekebishwa hurudi nyuma karibu miaka ishirini kwa mkupuo mmoja. Ndani ya mashine itunzwe UTC, na saa tatu za Afrika Mashariki ziongezwe wakati wa kumwonyesha mtu tu. Nazo saa zetu za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu macheo, hazidhuriki kwa lolote.

Najua liko pingamizi lenye haki. Ataulizwa mtu kama mimi: unatukataza kutegemea seva za ng'ambo, kisha unatutegemeza kwa setilaiti za jeshi la taifa jingine? Tena setilaiti hizo zimepata kukosea. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kongwe ilipokuwa ikiondolewa kazini, GPS ilitangaza habari za UTC zilizokosea kwa sehemu 13 za milioni za sekunde, na mitambo mingi duniani ikapiga kelele. Na Julai 2019 mfumo wa Galileo wa Ulaya ulinyamaza kwa siku kadhaa. Katika Bahari ya Kati ya mashariki na kandokando ya Bahari ya Baltiki, vita na uhasama vimeleta watu wanaozifunika sauti za setilaiti au kuziigiza kwa uwongo. Nayakubali yote hayo, na jawabu langu ni kwamba hapana chanzo cha wakati kinachofaa kuaminiwa peke yake. Vipokezi vya sasa husikiliza GPS, Galileo, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China kwa pamoja, na mataifa yenye kuzimiliki setilaiti hizo si rahisi kukubaliana kutudanganya kwa siku moja. Aidha Mills, katika kanuni zake, aliweka tadbiri ya kuwapambanua wakweli na waongo: kompyuta ikiwa na vyanzo vinne au zaidi, yule anayejitenga na wenzake hutambuliwa na kuachwa. Basi kipokezi cha paani kiwe cha kwanza, na seva za mbali zibaki kuwa mashahidi wa kukichunga, kwa sharti kwamba zisichanganywe seva zinazoiongeza sekunde kwa mara moja na zile, kama za Google, zinazoitandaza katika saa 24. Hata hivyo, mwaka 2022 mataifa yalikwisha kuazimia kwamba desturi hiyo ya kuongeza sekunde ikome kabla ya 2035 au mwaka huo wenyewe.

Yuko atakayesema kwamba makampuni ya simu yanayo saa hizo tayari, na hakika yanazo, kwa kuwa minara ya mitandao ya kisasa yenye kupokezana kwa zamu katika masafa mamoja hutakiwa isipishane na wakati wa haki kwa zaidi ya sehemu 1.5 za milioni za sekunde. Hilo latuthibitishia kwamba mafundi wa kazi hii wako nchini na vifaa vinaingia. Latuonyesha pia kwamba maarifa hayo yamefungiwa katika uzio wa minara, ilhali hospitali iliyo ng'ambo ya pili ya barabara inaandika saa za kukisia.

Mfano wa kuufuata tunao wenyewe. Zamani barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi ilisafirishwa mpaka ng'ambo, kisha ikarudi. Mwaka 2000 makampuni ya intaneti ya Kenya yalifungua KIXP, mahali pa kubadilishana ujumbe wao ndani ya nchi. Ilifungwa kwa amri baada ya muda mfupi, ikafunguliwa tena mwaka 2002, na Dar es Salaam ikapata TIX yake mwaka 2004. Katika vituo hivyo, na vilivyofuata katika nchi jirani, viwekwe vipokezi viwili vya watengenezaji mbalimbali na saa moja ya rubidi, ambayo setilaiti zikinyamaza huweza kuushika wakati kwa siku nzima bila ya kupotoka kwa kiasi cha kudhuru. Na seva hizo ziwe wazi kwa kila raia. Mashirika ya viwango, ambayo sheria imeyakabidhi vipimo vya mataifa yetu, yazilinganishe saa hizo kila mwezi na kuitangaza tofauti kama yanavyotangaza mambo mengine ya vipimo. Nayo kila taasisi imteue mtu mmoja kwa jina, impe daftari la saa, aandike humo siku kipokezi kilipofungwa, mahali antena ilipo, urefu wa waya, kila kukatika kwa umeme, na tofauti iliyoonekana mwisho wa kila mwezi baina ya saa yao na saa ya kituo. Na mahakama inapotaka kujua saa ya taasisi hiyo ilikuwaje siku fulani, aitwe mtu huyo na daftari lake.